Kufunga Lenzi ya Zamani kwenye Kamera ya Leo

Swali la kwanza si jina la lenzi. Ukirithi Takumar ya marehemu babu ikiwa ingali ndani ya mkoba wake wa ngozi, au ukiiona Helios kwa muuza mitumba imelala kati ya redio mbovu na saa za ukutani, kabla ya kuuliza bei jiulize hivi: kamera yangu ina umbali gani kutoka mdomoni mpaka kwenye sensa, ile sehemu inayopokea picha? Jibu lake ndilo litakaloamua kama lenzi hiyo itakufaa au itabaki pambo la kabati.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya umbali

Mdomo wa kamera ni lile duara la chuma ambapo lenzi hukaa. Kila mfumo una umbali wake kati ya mdomo huo na mahali filamu au sensa ilipo, na lenzi imeundwa iangushe picha kali kwenye umbali huo barabara. Ikikaa nyuma kidogo, yaani karibu na sensa kuliko inavyotakiwa, vitu vya mbali vitakuwa wazi kabla pete ya fokasi haijafika alama ya ∞ (mbali kusiko na mwisho) na maisha yataendelea. Ikikaa mbele, vitu vya mbali havitakuwa wazi kamwe. Lenzi ya mm 50 (huo ni urefu wa fokasi, namba iliyoandikwa kwenye lenzi) iliyosogezwa mbele kwa milimita 1 tu haiwezi kuona vizuri chochote kilicho mbali zaidi ya mita 2 na nusu hivi. Utapiga maua na sahani za biriani, lakini si meli.

Adapta ya kawaida haina umeme wala kioo ndani. Ni kigoda tu: inainua lenzi ifike kimo ilichozoea. Na kigoda huongeza kimo, hakipunguzi. Kwa hiyo kanuni ni moja: umbali wa lenzi lazima uzidi umbali wa kamera, na tofauti inayobaki ndiyo unene wa adapta.

Umbali wa lenzi za zamani, kwa milimita:

Nikon F: 46.5
Olympus OM: 46
Contax/Yashica: 45.5
M42 (ya kuzungusha kama parafujo) na Pentax K: 45.46
Minolta SR, MC na MD: 43.5
Canon FD: 42
Leica ya parafujo, M39: 28.8
Leica M: 27.8

Na wa kamera za leo:

Nikon DSLR: 46.5
Canon DSLR (EF): 44
Canon RF na mfumo wa L (Leica, Panasonic na Sigma): 20
Micro Four Thirds: 19.25
Sony E: 18
Fujifilm X: 17.7
Nikon Z: 16

Toa moja kwa nyingine. Lenzi ya M42 kwenye Sony E: 45.46 kutoa 18, adapta ina unene wa milimita 27.46. Olympus OM kwenye Sony hiyohiyo: 28. Hapo utaona kwa nini wenye kamera zisizo na kioo cha kurukaruka ndani wana raha: karibu kila lenzi iliyowahi kutengenezewa kamera ya filamu ya mm 35 inawakubali.

Wenye DSLR, kamera zenye kioo hicho, hawana bahati moja. Canon DSLR, ambazo bado zinafanya kazi nyingi kwenye harusi zetu, zinapokea Nikon F, Olympus OM, Contax/Yashica, Pentax K na M42 bila taabu ya umbali. Hazipokei Minolta MD. Na hazipokei Canon FD, jambo linalowashangaza wengi: Canon iliacha mfumo wa FD ilipoleta EF mwaka 1987, na FD ina upungufu wa milimita 2. Ukiifunga kwa nguvu ya adapta nyembamba, upeo wako unaishia kama mita 1 na robo.

Nikon DSLR ndiyo yenye wivu kuliko zote. Umbali wake ni mrefu kiasi kwamba hata M42 inashindwa. Zipo adapta zenye kioo kidogo ndani cha kurudisha upeo, zinauzwa kwa FD na M42 vilevile. Mimi sishauri. Kioo chenyewe ni cha bei ya chini, kinakuza picha kidogo na kuipunguzia ukali, hasa tundu la lenzi la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa. Yaani unapoteza kile kile ulichoifuatia lenzi ya zamani. Mwenye Nikon DSLR atafute Nikkor, yaani lenzi za Nikon, za zamani tu, na hizo ziko nyingi na ni nzuri. Ila ahakikishe ni AI, mfumo ulioanza mwaka 1977, au zilizorekebishwa kuwa AI. Nikkor za kabla ya hapo zinaweza kuvunja kijino kilicho ukingoni mwa mdomo wa kamera kama D7000, D610 au D750. Kamera ndogo za D3000 na D5000 hazina kijino hicho, hivyo zinapokea hata za kale, lakini hazitakupimia mwanga.

Hatua ya 2: Tambua kitako cha lenzi kwa hakika

Pindua lenzi utazame nyuma. Usiamini jina lililo mbele peke yake, kwa kuwa kampuni moja imetengeneza vitako vingi.

Minolta ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Rokkor na MD ni mfumo wa zamani wenye pete ya tundu. Minolta AF, zilizoanza 1985, ni mfumo mwingine kabisa, hazina pete ya tundu, na adapta ya MD haitazishika. Pentax nayo ilihama kutoka M42 kwenda K mwaka 1975. Takumar nyingi ni za parafujo, ila si zote.

Kisha kuna mtego wa M39. Lenzi za mwanzo za Zenit, kamera ya Kisovieti, zina parafujo ya mm 39 sawasawa na Leica, lakini umbali wake ni 45.2, wala si 28.8. Zinaingia kwenye adapta ya Leica vizuri kabisa na picha inatoka ukungu mtupu. Na T2 nayo, kitako kingine cha parafujo: kipenyo chake ni mm 42 kama M42, ila meno yake ni membamba zaidi na umbali wake ni 55. Ikizunguka kidogo halafu ikakaza, acha hapo hapo. Ukilazimisha utayala meno ya adapta na ya lenzi pamoja.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kutoa pesa

Hapa Mombasa hatua hii ina uzito kuliko zote. Unyevu wa hewa yetu mara nyingi unazidi asilimia 70, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati la Tudor au Makupa kwa miaka thelathini ina kila sababu ya kuota kuvu. Ngozi yenyewe hushika unyevu na kuilisha hiyo kuvu.

Omba kwa adabu, "Baba, niruhusu niitazame kwa tochi," na muuzaji mwenye nia njema hatakataa. Fungua tundu mpaka mwisho, washa tochi ya simu upande wa nyuma, utazame kwa mbele ukiwa umeielekeza pembeni kidogo, si moja kwa moja. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni. Ukungu wa mafuta huonekana kama pumzi kwenye kioo. Vumbi chache ndani hazina neno, kila lenzi ya umri huo inazo, na mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haionekani kwenye picha hata ukiitafuta. Mikwaruzo ya kioo cha nyuma ni habari nyingine, hiyo ikimbie.

Kuvu kidogo ukingoni fundi anaweza kuisafisha, lakini kama imekaa muda mrefu huwa imekula rangi ya juu ya kioo, na alama yake haitoki. Kama bei ya lenzi pamoja na bei ya fundi inakaribia bei ya lenzi safi, mwachie mwenyewe.

Zungusha pete ya tundu huku ukitazama bledi, yale majani ya chuma yanayofunga tundu. Zinatakiwa zikauke na zifunge mara moja. Bledi zenye mafuta hung'aa na huchelewa. Kwenye adapta isiyo na umeme uvivu huo haudhuru sana, kwa kuwa unafunga tundu kwa mkono kabla ya kupiga, lakini mafuta hayo huweza kuhama mpaka kwenye kioo, hasa kwa joto letu. Pete ya fokasi nayo iwe na uzito ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama kwenye baridi ya asubuhi na kulegea mchana, grisi yake imekufa.

Super-Takumar ya mm 50 f/1.4 (f ni kipimo cha tundu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) yenye vipande saba vya kioo ina thoriamu, madini yenye mionzi kidogo, na kioo chake hugeuka njano kama chai ya rangi. Kwa kupigia picha haina hofu. Usiisage wala kuivunja tu. Njano hiyo hupungua ikipata mwanga wa jua au taa ya mionzi ya urujuanimno kwa siku kadhaa. Tahadhari mbili: lenzi iliyoachwa dirishani inaweza kukusanya jua na kuchoma pazia, basi funika nyuma yake kwa karatasi ya fedha, na jua letu la Januari huyeyusha grisi, basi jua la asubuhi linatosha.

Hatua ya 4: Chagua adapta

Jina la adapta husomwa kwa mpangilio: lenzi kwanza, kamera baadaye. "M42–NEX" inashika lenzi ya M42 kwenye Sony E. Ukigeuza mpangilio utaletewa kitu kisichoshika chochote.

Adapta za bei nafuu hufanya kazi. Wengi wa watengenezaji huzifanya nyembamba kwa makusudi, sehemu ndogo ya milimita, ili upeo upatikane hata kama vipimo si kamili. Matokeo yake ni kwamba namba za umbali zilizochongwa kwenye lenzi hazisemi kweli tena. Kwa lenzi ya mm 50 au 135 hutajali. Kwa lenzi pana, zinazochukua eneo kubwa kama mm 28, utajali, kwa sababu kosa dogo huwa kubwa: adapta iliyozidi unene kwa sehemu moja ya kumi ya milimita huiachia lenzi ya mm 50 upeo wa mita 25, lakini ya mm 28 huishia kwenye mita 8 hivi. Kwa hiyo ukiwa na lenzi pana, pesa ya ziada iende kwenye adapta.

Mambo mengine ya kutazama: ndani iwe nyeusi isiyong'aa, maana ukuta unaong'aa huirudisha nuru kwenye sensa na kuifanya picha ipauke. Ikikaa kwenye kamera isicheze. Kwa M42, chagua yenye ukingo wa ndani unaobonyeza pini ya nyuma ya lenzi. Bila huo, lenzi zisizo na swichi ya A na M (otomatiki na mkono) zitabaki wazi daima hata ukizungusha pete. Adapta ya FD lazima iwe na pete yake ya kufungia, ambayo ndiyo inayokabidhi tundu mikononi mwako.

Lenzi za Nikon za G hazina pete ya tundu, hivyo zinataka adapta yenye pete yake. Canon EF ni za umeme mtupu. Kwenye adapta ya chuma peke yake tundu halisogei wala fokasi ya otomatiki haifanyi kazi. Hizo zina adapta zake za umeme na si mada ya leo.

Ipo pia adapta ya kupunguza urefu wa fokasi, yenye kioo kizuri ndani, kwa kamera zisizo na kioo cha kurukaruka zenye sensa ndogo. Metabones walitoa Speed Booster yao mwaka 2013. Ya 0.71 huifanya lenzi ya mm 50 f/2.8 iwe kama mm 35 f/2. Hii, tofauti na vile vioo vya Nikon, inastahili bei yake.

Hatua ya 5: Funga

Zima kamera. Funga adapta kwenye lenzi kwanza, kisha vyote viwili kwenye kamera, ili mdomo wa kamera ukae wazi kwa muda mfupi. Elekeza mdomo chini. Usifanye kazi hii ufukweni Nyali upepo wa kusi ukivuma, wala kwenye feri ya Likoni. Chumvi na mchanga vikiingia kwenye sensa ni kazi ya fundi.

Kwenye Canon DSLR zenye sensa kubwa, kama 5D, baadhi ya lenzi hutokeza nyuma pete ya fokasi ikifika ∞, na kioo cha kamera hukigonga kitako. Piga picha ya kwanza ikiwa fokasi iko karibu, sogea polepole kuelekea ∞, na ukisikia mgongano simama hapo. Lenzi hiyo haiifai kamera hiyo.

Lenzi nzito, kama mm 200 za chuma, ishike lenzi yenyewe, si kamera. Adapta haikuundwa kubeba mzigo huo.

Hatua ya 6: Rekebisha menyu

Kamera haioni lenzi, kwa hiyo nyingi zitakataa kupiga. Kwenye Sony tafuta "Release w/o Lens" uiruhusu. Fujifilm, "Shoot Without Lens". Canon za RF, "Release shutter w/o lens". Canon DSLR hazina haja hiyo.

Weka hali ya A, au Av kwa Canon. Utafunga tundu kwa mkono na kamera itachagua kasi ya shata. Kioo cha habari kitaandika F0 au F--, hilo ni la kawaida.

Kama kamera ina kitulizaji cha mtikisiko ndani yake, iambie urefu wa fokasi wa lenzi. Andika namba iliyochorwa kwenye lenzi, 50 ibaki 50, bila kuzidisha kwa ukubwa wa sensa. Nikon Z huweka jambo hili chini ya "Non-CPU lens data". Ukisahau kubadilisha ukihama kutoka 28 kwenda 135, kitulizaji chenyewe kitaitikisa picha.

Mwisho, washa rangi ya kuonyesha fokasi, inayoitwa "Peaking" kwenye menyu nyingi, na upe kitufe kimoja kazi ya kukuza. Rangi hiyo ni ya kukupeleka karibu; kukuza ndiko kunakothibitisha. Wenye DSLR wasiamini kitundu cha kutazamia wakiwa na lenzi ya f/1.4, kwa kuwa vioo vya kulengea vya siku hizi huonyesha kana kwamba ni f/2.8. Tumia skrini ya nyuma na ukuze mara kumi.

Hatua ya 7: Pima upeo Mama Ngina

Hakuna mahali pazuri pa jaribio hili kuliko bustani ya Mama Ngina, meli zikisubiri nje kuingia Kilindini. Nenda asubuhi. Mchana joto linapanda kutoka majini na kila kitu cha mbali kinacheza, utailaumu lenzi bure.

Fungua tundu lote, elekeza kwenye mlingoti wa meli ya mbali, kuza skrini, zungusha polepole. Ikiwa mlingoti unakuwa mkali kisha unaanza kufifia kabla pete haijafika mwisho, adapta ni nyembamba kidogo, sawa kabisa. Bandika kipande kidogo cha tepu mahali ulipokuwa mkali. Hiyo ndiyo ∞ yako mpya. Ikiwa pete imefika mwisho na mlingoti bado haujawa mkali, adapta ni nene. Irudishe.

Halafu funga mpaka f/8 utazame pembe nne za picha. Upande mmoja ukiwa hafifu kuliko mwingine, ama adapta imepinda ama lenzi iliwahi kuanguka. Geuza kamera juu chini upige tena bila kubadilisha lenzi, uhakikishe kosa si la mandhari. Ili kujua nani mkosa, weka lenzi nyingine kwenye adapta hiyohiyo.

Hatua ya 8: Piga

Zoea mpangilio huu: fungua tundu, weka fokasi, funga tundu, piga. Kwa Mji wa Kale, ambako mtu hutokeza kwenye kona ya Ndia Kuu na kupotea, mpangilio huo ni mrefu mno. Weka lenzi ya mm 28 kwenye f/8, fokasi iwe kwenye mita 3.3, na kwenye sensa kubwa kila kitu kuanzia mita 1.7 hadi mbali kitakuwa wazi vya kutosha. Kwa mm 35 fokasi iwe mita 5, utaanzia kwenye 2.6. Pima umbali huo kwa skrini, si kwa namba za lenzi, kwa sababu niliyoeleza. Na kupiga haraka si kupiga bila idhini: salimia kwanza, hasa penye akina mama.

Lenzi za zamani hazipendi jua likizigonga mbele. Tafuta kofia ya lenzi; Takumar na Olympus nyingi huchukua ya mm 49, Nikkor nyingi mm 52. Mchana wa jua kali, f/8, ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) na shata ya 1/500 ni kipimo cha kuanzia hata kamera ikidai vingine. Itadai: ukuta mweupe au bwana harusi mwenye kanzu huifanya kamera itie giza, basi ongeza mwanga hatua moja, buibui jeusi likijaza picha, punguza.

Helios 44-2 ya mm 58 iwekwe f/2 huku nyuma kuna majani ya mwarobaini yenye jua, na mandharinyuma yatazunguka. Hiyo ndiyo sababu watu wanaitafuta.

Hatua ya 9: Itunze

Ukitoka kwenye gari au chumba chenye AC, iache lenzi ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Ukiitoa papo hapo itatoa jasho, ndani na nje, na jasho la ndani ndilo mwanzo wa kuvu.

Nyumbani, tupa mkoba wa ngozi au uweke mbali kama kumbukumbu. Tumia kopo la plastiki lenye mpira mfunikoni, silika jeli ndani, na kipimo kidogo cha unyevu. Asilimia 40 hadi 50 ndiyo unayotaka. Mchele usiweke, una vumbi. Silika ya kubadilika rangi ni bora kwa kuwa inakuonyesha imejaa, na unaweza kuikausha tena kwenye oveni ya moto mdogo. Wakati wa masika ikague kila wiki.

Lenzi yenye kuvu isikae kopo moja na zilizo safi. Na usiziweke zote kabatini mwaka mzima: zitoe, zifungue, zungusha pete zote, zipate hewa na mwanga.